Haki ya Kujisemea kwa Ndugu Zetu Wenye Uzito wa Akili

Katika desturi zetu sisi watu wa pwani, mgeni aingiapo nyumba ya watu huwasalimia wote waliomo, wakubwa kwa wadogo, na kila mmoja huitika kwa kinywa chake. Hii ni adabu njema tuliyoirithi kwa wazee wetu. Lakini liko jambo moja tunaloliona katika nyumba nyingi, nalo laivunja adabu hiyo bila ya watu kutanabahi. Akiwamo nyumbani mtu mzima mwenye uzito wa akili, mgeni humtazama, kisha humgeukia mamake au dadake akauliza: "Huyu hajambo? Huyu hula nini? Huyu hasikii baridi?" Na mwenyewe yuko pale pale, ana masikio ya kusikia na kinywa cha kujibu. Mama hujibu, mazungumzo yakaendelea, na yule mtu akawa kama kabati iliyowekwa pembeni mwa ukumbi.

Huenda msomaji akasema kuwa hili ni jambo dogo, wala mgeni hakukusudia ubaya. Ni kweli hakukusudia. Lakini katika mlango huu mdogo ndimo zinamopita dhulma kubwa. Asiyeulizwa kama asikia baridi, hataulizwa kama yuradhi fungu lake la nyumba liuzwe. Hataulizwa kama amtaka mume aliyeletewa. Na siku mtu muovu atakapomvunjia heshima ya mwili wake, akasema, hatasadikiwa, kwa kuwa watu wamekwisha kuzoea kwamba maneno yake si maneno.

Basi suala tunalotaka kulitafiti leo ni hili: Je, mtu mwenye uzito wa akili anayo haki ya kuyasemea mambo yake mwenyewe, au haki hiyo imehamia kwa jamaa zake? Na ikiwa anayo, kazi ya walii wake ni ipi?

Yafaa kwanza tubainishe ni nani tunaowakusudia, maana watu huchanganya mambo mawili yaliyo mbali. Mwendawazimu ni mtu aliyekuwa na akili yake kisha ikapatwa na maradhi. Pengine hurudi na pengine hupotea tena, na maradhi hayo yana matabibu wake. Ama mwenye uzito wa akili, ambaye siku hizi huitwa mwenye ulemavu wa akili, hali yake hudhihiri tangu utotoni. Huchelewa kusema, huchelewa kuhesabu, na jambo ambalo mwenzake hulifahamu kwa kuambiwa mara moja, yeye huhitaji kukaririwa mara kumi. Lakini hujifunza. Sababu zake ni nyingi: wako waliozaliwa na umbile hilo, wako waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, na wako waliopatwa na homa kali ya ubongo utotoni. Si jini, wala si laana ya dhambi za wazazi, na fedha zinazokwenda kwa waganga kwa ajili ya jambo hili zingalifaa kutumiwa katika kumfunza mtoto.

Wala watu hawa si wa daraja moja. Yuko aendaye dukani akaleta alichotumwa, akasali jamaa msikitini na akajua siku ya Ijumaa bila ya kuambiwa. Na yuko asiyeweza kutia tonge kinywani ila kwa msaada. Kuwafanya wote kuwa kitu kimoja ni kosa la kwanza, nalo ndilo linalozaa makosa mengine yote.

Kisha tazameni majina tunayowaita: zuzu, punguani, zezeta, taahira. Jina likimtangulia mtu, watu hulisikia jina wasimsikie yeye. Na msidhani kuwa ila hii ni ya watu wasiosoma. Uingereza, dola iliyotutawala, ilitunga sheria mwaka 1913 ya kuwagawanya watu hawa katika madaraja, kila daraja na jina lake, na kuwezesha wazuiwe katika majumba maalumu. Majina yale yaliandikwa na mawakili na madaktari, na hayakukaa sana yakawa matusi ya watoto barabarani. Sheria yenyewe iliondolewa mwaka 1959, lakini matusi yamebaki. Ndipo tunapoona hekima ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 54 yampa kila mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, na ya kutajwa na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha.

Tukija katika kujisemea kwenyewe, jambo hili lina historia ambayo wengi wetu hatujaisoma, na ni vyema tuitaje kwa ufupi kabla ya kuingia katika sharia.

Katika miaka ya 1960 nchini Sweden alikuwako mtu aitwaye Bengt Nirje, aliyefanya kazi na chama cha wazazi wa watoto wenye uzito wa akili. Wazazi ndio waliokuwa wakiwasemea watoto wao, nao walisema kwa nguvu na kwa mapenzi. Lakini watoto wale walikuwa wamekuwa watu wazima. Wakaundiwa vilabu vya kukutana na vijana wenzao, wakafunzwa namna ya kuendesha mkutano: vipi mtu angojee zamu yake ya kusema, vipi kura ipigwe. Mwaka 1968 wakafanya mkutano wao, na mwaka 1970 wakakutana tena katika mji wa Malmö, wajumbe kutoka sehemu mbalimbali za nchi, wakayatoa matakwa yao wao wenyewe.

Walitaka nini? Walitaka wafunzwe kupika na kutumia fedha, ili wakae katika nyumba zao bila ya kudekezwa. Walitaka kazi yao isidharauliwe na ujira wao uwe wa haki. Walitaka waoe na waolewe wakati wanapojiona kuwa tayari. Na walitaka jambo moja ambalo twawaomba wasomaji walizingatie sana: walikataa kutembezwa mjini makundi makundi. Basi fikirini, ni mzazi gani au mwalimu gani angalilifikiria hili? Wasimamizi walidhani wawafanyia hisani kwa kuwatoa matembezi. Wao walikuwa wakiona haya kupelekwa njiani kama kundi la mbuzi, watu wakiwakodolea macho. Hisani ya msimamizi ilikuwa ni fedheha ya msimamiwa, na hapakuwa na njia ya kulijua hilo ila kwa kumuuliza yeye.

Baada ya hapo, mwaka 1974, katika mji wa Salem, jimbo la Oregon huko Marekani, watu wa hali hii walikutana kutengeneza mkutano wao. Walipokuwa wakitafuta jina la chama, mmoja wao akasema kuwa amechoka kuitwa kwa ila yake, na kwamba ataka ajulikane kuwa ni mtu kwanza. Wakakiita chama chao People First, yaani Watu Kwanza. Mkutano wao wa mwaka ule ule ulihudhuriwa na watu zaidi ya 500, na vyama vya namna hiyo vikaenea katika nchi nyingi.

Na huko New Zealand alizaliwa mwaka 1957 mtu aitwaye Robert Martin, ambaye alipelekwa katika jumba la kuwafungia watu hawa akiwa na umri wa miezi 18. Mtu huyu alikulia humo mbali na wazee wake, kisha akawa msemaji wa wenzake. Alikuwa miongoni mwa waliosema katika mashauriano ya kuandika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006. Na mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mmoja katika wajumbe 18 wa kamati inayousimamia mkataba huo, naye ndiye mtu wa kwanza mwenye uzito wa akili kupata cheo hicho. Alikufa mwaka 2024. Lau angalipimwa kwa mizani ya wale waliomfungia, asingalisikizwa hata katika khabari ya chakula chake.

Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2008. Kifungu chake cha 12 chasema kwa ufupi kuwa mwenye ulemavu ni mtu mbele ya sheria kama watu wengine, na kwamba akihitaji msaada ili aitumie haki yake, apewe msaada huo. Na mwaka 2014 kamati ile ilieleza kuwa maana yake ni kumsaidia mtu aamue, si kumuamulia.

Sasa huenda mmoja wetu akasema: "Haya ni mambo ya Wazungu. Waliwafungia wenyewe, kisha wakawafungua wenyewe. Sisi watu wetu twakaa nao majumbani." Neno hili lina ukweli ndani yake, nasi twamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba mtu wetu hafi katika jumba la mbali bila ya jamaa. Lakini kukaa na mtu si kumsikiza. Na ama kusema kuwa kumsikiza ni jambo la kigeni, hilo si sahihi, na dalili yetu ni hii.

Imepokewa kwa Anas bin Malik, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, kwamba alikuwako mtu katika zama za Mtume s.a.w. aliyekuwa akifanya biashara na hali akili yake ina udhaifu. Jamaa zake wakamwendea Mtume s.a.w. wakamtaka amtie katika hajri, yaani amzuilie asiuze wala asinunue. Mtume s.a.w. akamwita yule mtu mwenyewe, akamkataza kuuza. Yule mtu akajibu kwamba yeye hawezi kukaa bila ya kuuza na kununua. Hapo Mtume s.a.w. akamwambia kuwa ikiwa hawezi kuacha, basi kila afanyapo biashara iwe mkono kwa mkono, na aseme kwamba hapana kuhadaana.

Tuisimamie khabari hii hatua kwa hatua, maana kila hatua ina fundisho. Jamaa walikwenda kumsemea, wala Mtume s.a.w. hakuwakemea kwa hilo, kwani waliona khatari ya kweli. Lakini hakutosheka na maneno yao. Alimwita mwenye jambo lake. Akampa rai ya kwanza, nayo ilikuwa kama rai ya jamaa. Mtu akaikataa, na kukataa kwake kukasikizwa. Kisha hakuachwa aende zake akahadaiwe. Akapewa neno la kumlinda, alitamke kwa ulimi wake, na neno hilo likawa ni sharti lenye nguvu juu ya yule anayeuziana naye. Katika baadhi ya riwaya alipewa pia khiari ya siku tatu kurudisha alichonunua. Na imepokewa kuwa alipofika uzee wake, katika zama za Sayyidna Uthman, wenye kuuza walipokataa kurudishiwa vitu vyao, masahaba walimshuhudilia kuwa khiari hiyo alipewa na Mtume s.a.w.

Na katika Sahihi ya Imamu Muslim imo ziada ndogo yenye maana kubwa: kwamba ulimi wa mtu yule ulikuwa mzito, akawa hawezi kulitamka neno lile sawasawa, herufi ya lamu ikimtoka kama yaa. Neno lake lilikuwa na kasoro, na juu ya hayo likafanya kazi. Hakuna aliyemwambia: "Kwanza jifunze kutamka, ndipo utuamrishe."

Dalili ya pili pia ni ya Anas, nayo imo katika kitabu hicho hicho. Mwanamke mmoja aliyekuwa na jambo katika akili yake alimwendea Mtume s.a.w. akamwambia kuwa ana haja naye. Mtume s.a.w. akamwita kwa jina la heshima, kwa kunia ya umama kama waitwavyo wanawake wenye hadhi, akamwambia achague njia yoyote aipendayo katika njia za mji, naye atasimama naye huko amtimizie haja yake. Akasimama naye mpaka alipokwisha. Hakuuliza: "Jamaa zake huyu wako wapi waje waniambie alitakalo?" Mwanamke alisema haja yake mwenyewe, akachagua mahali mwenyewe, na aliyesikiza ni yule mwenye shughuli kuliko viumbe wote. Basi ni nani katika sisi awezaye kusema kuwa hana wakati?

Hapa yatulazimu tuwe wakweli katika elimu, tusiseme nusu tukaacha nusu. Maimamu wamehitilafiana katika khabari ya yule mfanya biashara. Imamu Abu Hanifa ameitumia kuwa hoja ya kwamba mtu mzima mwenye akili hatiwi hajri kwa ajili ya udhaifu wa matumizi yake. Na wengi katika maimamu, naye Imamu wetu Shafi'i ni mmoja wao, wamejuzisha hajri, wakasema kuwa jamaa waliomba hajri wala Mtume s.a.w. hakuwakanusha. Sisi si watu wa kuivunja qauli ya Imamu wetu. Wala hatufuati rai ya wale wasemao leo kwamba uwalii wote uondolewe, kwani Qur'ani Tukufu imeuthibitisha: katika aya ya deni, mwisho wa Suratul Baqara, imeamrishwa kuwa asiyeweza kuandikisha, aandikishe walii wake kwa uadilifu.

Lakini soma sharti: kwa uadilifu. Na soma katika Suratun Nisaa, pale tulipokatazwa kuwapa wasio na uangalifu mali; aya haikukomea hapo, bali imetuamrisha tuwalishe na tuwavishe humo, na tuwaambie maneno mema. Walii aliyeshika mali na akaacha maneno mema ameshika nusu ya aya. Na utamwambiaje maneno mema mtu usiyesema naye kabisa?

Kisha tazama hajri yenyewe katika fiqihi yetu, uone ilivyo nyembamba kuliko tunavyoifanya. Safihi aliyetiwa hajri amezuiliwa mali. Hakuzuiliwa ibada yake, wala talaka yake haitolewi na mwengine. Kuoa kwake kwahitaji idhini ya walii, lakini muoaji ni yeye. Na Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu kisomwacho katika darasa zetu, ameeleza vipi kijana apimwe kabla ya kukabidhiwa mali: mwana wa mfanya biashara apimwe kwa kuuza na kununua na kupatana bei, na mwana wa mkulima kwa mambo ya shamba, na kupimwa huko kukaririwe, mara mbili au zaidi. Maana yake ni kuwa mtu hupimwa katika jambo alijualo, na hahukumiwi kwa kukosea mara moja. Sasa na tujiulize: ni nani katika sisi aliyempima ndugu yake mzito wa akili hata mara moja? Twamhukumu kwa uso wake, au kwa jina alilopewa akiwa na miaka mitano, na hukumu hiyo humfuata mpaka kaburini.

Natija ya hukumu hiyo ni dhulma, nasi twazitaja baadhi yake waziwazi. Katika mirathi, fungu la huyu ndugu ni sawa na la wenzake wa daraja yake. Qur'ani haikupunguza hata thumuni kwa uzito wa akili. Lakini mara nyingi husikia watu wakisema: "Yeye atafanya nini na mali? Sisi twamlisha." Nyumba ikauzwa, fedha zikagawanywa, na yeye akahamishwa chumba alichokizoea kwa miaka 40 bila ya kuambiwa hata neno. Katika ndoa, huozwa mtu asiyemjua, kwa tamaa kuwa atapata wa kumtunza, au hunyimwa ndoa kabisa hali ya kuwa aitaka na aiweza. Na katika jambo zito kuliko yote, muovu anayetaka kumfanyia mtu uovu humchagua huyu makusudi, kwa sababu ajua kuwa hatasadikiwa. Kutomsikiza kwetu ndiko kulikompa yule muovu ufunguo wa mlango.

Tutaambiwa: "Mkimpa neno, watu watamhadaa." Twajibu: wahadaaji wapo, na kwao tiba ni kuwazuia wao. Mtume s.a.w. hakumfungia yule mtu soko, bali aliwafunga watu wa soko kwa sharti. Na tukumbuke kuwa si kila mwenye kuhadaa hutoka nje. Wako wanaokula naye sinia moja.

Tutaambiwa: "Maneno yake si yake, hutiwa kinywani na mtu." Hili ni kweli katika baadhi ya nyakati, kwani mtu aliyezoea kuamrishwa hupenda kujibu lile litakalomfurahisha aulizaye. Basi yafaa kumuuliza kwa maneno machache na mepesi, jambo moja moja. Aulizwe leo na aulizwe tena siku nyengine. Asiwepo karibu yule mwenye faida katika jawabu. Akitakiwa kuchagua baina ya nyumba mbili, apelekwe akazione kwa macho yake, asisimuliwe tu. Jawabu likiwa moja siku zote, basi hilo ni neno lake, na haki yake ni kuheshimiwa.

Na tutaambiwa: "Yuko asiyesema kabisa." Kweli yuko. Lakini mama aliyemlea ajua mwanawe akatavyo: ajua akigeuza uso, ajua akiusukuma mkono, ajua kicheko chake kwa huyu na kunyamaza kwake kwa yule. Hizo nazo ni lugha. Walii wa mtu huyu ni mtarjumani wake, na mtarjumani mwenye amana hasemi ayatakayo yeye. Zitabaki nyakati ambazo walii hatakuwa na ishara yoyote ya kuifuata, naye itambidi aamue kwa kumcha Mungu. Uzito huo hatuwezi kumuondolea, wala hatujidai kuwa twaweza.

Wala tusieleweke kuwa twawalaumu akina mama. Wao ndio waliokesha, wao ndio waliochekwa harusini na mazishini kwa ajili ya watoto wao, na wengi wao hulala na suala moja moyoni: "Nikifa mimi, atakuwa mgeni wa nani?" Suala hilo ndilo hasa lituleteayo makala haya. Mtoto ambaye mamake peke yake ndiye ulimi wake, siku mama afapo huzikwa ulimi wote. Lakini aliyefunzwa kusema "nataka" na "sitaki", anayejulikana kwa jina lake na jirani, na imamu, na muuza duka, huyo ameachiwa urithi ambao hakuna ndugu wa kumnyang'anya.

Basi kifanywe nini? Nyumbani, aanze kuulizwa mambo madogo: nguo ipi, chai au uji, kwenda au kubaki. Kuchagua ni kama kuogelea, hakufunzwi juu ya mchanga. Madrasani, walimu wasimrudishe mlangoni; afunzwe sura moja kwa mwaka ikiwa huo ndio mwendo wake, na afunzwe pia kuwa mwili wake una heshima na kwamba akiguswa vibaya apige kelele. Dukani, arudishiwe chenji yake mkononi mwake. Penye mirathi na ndoa, twawaomba makadhi wetu, ambao Katiba imewakabidhi mambo haya kwa Waislamu waliokubali hukumu yao, wasitosheke na kauli ya jamaa, bali wamwite mtu mwenyewe, wamketishe, wamuulize kwa upole, na jawabu lake liandikwe. Hiyo ni sunna kama tulivyoona.

Na jambo la mwisho: wapewe nafasi ya kukutana wao kwa wao. Liko nchini mwetu tayari chama cha wazazi kiitwacho Kenya Association of the Intellectually Handicapped, ambamo watu hawa wenyewe pia hujifunza kujisemea. Ni kitu gani kitakachotuzuia sisi katika miji ya pwani kuwafungulia chumba katika majumba yetu ya mikutano, siku moja kwa juma, wakae, wanywe kahawa yao, wazungumze yanayowaudhi na yanayowapendeza, na wachague mmoja wao aje atuambie? Huenda tukasikia mambo yatakayotutia haya. Na kutiwa haya duniani ni bora kuliko kusimamishwa mbele ya Mwenye kuhisabu, siku ambayo vinywa vitafungwa na mikono ikasema, na hakuna mtu yeyote atakayesemewa na jamaa yake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe masikio ya kuwasikiza waja wake, na atuhifadhi tusije tukawa mahasimu wa wale tuliodhani kuwa sisi ni mawalii wao. Wabillahi tawfiq.